Gari la marehemu baba linakula akiba yetu, na mdogo wangu hataki liuzwe

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na nimeona jinsi unavyowasikiliza watu kwanza kabla ya kuwaeleza lolote. Ndiyo maana nimepata moyo wa kukuletea jambo ambalo katika familia yetu limekuwa gumu hata kulitaja.

Baba yetu alifariki dunia miaka mitatu iliyopita, akatuachia mimi na mdogo wangu wa kiume gari lake aina ya Rolls-Royce Silver Shadow la mwaka 1974. Alilinunua likiwa limeshatumika, sisi tukiwa bado wadogo, na alilipenda kwa namna ambayo kila aliyetufahamu aliijua. Kila kitu alichokibadilisha, kuanzia plagi hadi mipira ya milango, alikiandika katika daftari lenye jalada gumu ambalo mpaka leo limo ndani ya gari. Alipokuwa mgonjwa hakutuachia maagizo mengi kuhusu mali zake, ila alituomba kwamba gari lile lisije likaozea nje.

Gari linakaa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye banda la kuliegesha. Mdogo wangu anaishi mbali na huja kwa nadra. Akija huchukua funguo, huliendesha mwisho wa wiki pamoja na watoto wake, hupiga picha, kisha hurudi kwake. Bima, betri, sevisi na mafuta nalipa mimi na mume wangu. Mwaka jana tulinunua tairi nne mpya, kwa kuwa fundi alinionyesha nyufa ubavuni ingawa tairi zenyewe zilikuwa hazijalika. Kabla ya hapo ilikuwa rejeta, na kabla ya rejeta ilikuwa mipira ya mafuta iliyokuwa imeanza kuvujisha petroli.

Miezi miwili iliyopita taa nyekundu za onyo la breki ziliwaka na hazikuzimika. Fundi alisema kwamba mfumo mzima wa breki umezeeka, yaani pampu, mipira na sili zote, na makisio aliyonipa yanafikia mshahara wangu wa miezi minne. Kutu iliyoanza chini ya milango hakuihesabu. Watoto wetu wawili wanakaribia kuingia chuo, na fedha pekee zinazoweza kulipia kazi hiyo ni zile tulizoziweka kwa ajili ya ada zao. Mume wangu hajawahi kuniambia niuze. Aliniomba tu tukae siku moja tuandike yote tuliyokwisha kutumia tangu baba alipofariki. Hatujafanya hivyo bado, maana naiogopa jumla yake.

Nilipompigia mdogo wangu simu, alisema magari ya namna hii hupanda thamani kila mwaka, na kwamba kuliuza ni sawa na kumuuza baba. Kama fedha hazipo, alisema, tulifunike kwa turubai mpaka mambo yatakapokuwa mazuri. Nilipomwomba tuchangie, alinijibu kwamba naye ana majukumu yake. Binamu yetu mmoja anatushauri tulikodishe kwenye harusi ili lijilipie lenyewe. Mama, ambaye anaishi nasi, hasemi lolote gari likitajwa.

Nikilitazama gari lile namwona baba yangu, na nikiwatazama wanangu naona ada zao. Je, nikiliuza nitakuwa nimevunja ahadi? Na nikiendelea kulihudumia, je, nitakuwa nimewadhulumu watoto wangu na mume wangu? Naomba unisaidie kufikiri.

Wako,
Mshika Funguo

JIBU

Dada yangu Mshika Funguo,

Pole sana kwa kuondokewa na baba. Miaka mitatu si mingi kwa msiba wa mzazi, na huenda ni michache zaidi kwa mtu ambaye kila anapofungua banda hukutana na kitu kilichoshikwa na mikono ya marehemu kwa miaka mingi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Ninavyoielewa, unabeba peke yako gharama za mali ambayo ni ya watu wawili. Gharama hizo sasa zimefika kwenye fedha za watoto. Na kila njia unayoifikiria inaonekana kumsaliti mtu fulani, ama baba, ama mdogo wako, ama nyumba yako mwenyewe.

Kabla ya hayo yote, niruhusu niseme jambo moja ambalo halihusu fedha. Tafadhali gari hilo lisiendeshwe na mtu yeyote, hata mdogo wako akija kwa siku mbili, mpaka breki zake zipimwe na mtu anayezifahamu. Silver Shadow ina uzito unaozidi tani mbili, na breki zake hazifanani na za magari ya kawaida. Pampu mbili zinazoendeshwa na injini husukuma mafuta ya breki kwa mgandamizo mkubwa hadi kwenye vihifadhi viwili vyenye umbo la tufe, na mgandamizo unaohifadhiwa humo ndio unaofanya kazi kubwa ya kulisimamisha gari, mbali na kuisawazisha sehemu ya nyuma inapobeba uzito. Teknolojia hiyo ilichukuliwa kwa leseni kutoka Citroën ya Ufaransa. Ni mfumo mzuri ukitunzwa, lakini taa zile nyekundu zimewekwa ili kumwonya dereva kwamba mgandamizo umepungua, na kwa gari zito kiasi hicho onyo la namna hiyo halipaswi kusubiri.

Mfumo huohuo unanifanya nikuulize kuhusu makisio uliyopewa. Je, fundi wako aliupima mgandamizo kwa kipimo chake, au alizitazama taa na umri wa gari kisha akahitimisha? Ndani ya zile tufe mna gesi ya naitrojeni ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita, na tufe iliyopoteza gesi yake inaweza kufunguliwa, kukarabatiwa na kujazwa upya bila kugusa mfumo mzima. Hata swichi ndogo inayowasha taa huweza kuharibika. Wakati huohuo inawezekana kabisa kwamba fundi amesema kweli, kwa sababu mipira na sili za mfumo huu huzeeka kwa miaka hata kama gari halitembei, na watengenezaji wenyewe waliagiza zibadilishwe kila baada ya kipindi fulani. Fungua daftari la marehemu uangalie ni lini kazi hiyo ilifanyika mara ya mwisho. Kisha tafuta maoni ya pili kwa fundi aliyekwisha kushughulikia magari ya aina hii, ukijua kwamba huenda naye akakupa makisio makubwa kuliko ya kwanza. Mwulize pia atatumia mafuta gani. Gari la mwaka 1974 hutumia mafuta maalumu ya breki, ilhali magari ya kampuni hiyo yaliyofuata kuanzia miaka ya 1980 yanatumia mafuta ya madini, na mafuta hayo yakitiwa kimakosa katika gari la zamani huziharibu sili zote. Fundi atakayekujibu swali hilo bila kusita atakuwa amekuonyesha kiasi cha ujuzi wake.

Sasa tuyatazame yale ambayo familia yenu inayachukulia kuwa kweli. Mdogo wako anasema thamani inapanda. Yapo magari ya kale yaliyowatajirisha wenyewe, lakini mengi ya hayo ni yale yaliyotengenezwa machache sana. Silver Shadow ilitengenezwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1980, na toleo la kwanza peke yake lilizidi magari 16,000, idadi ambayo ni kubwa mno kwa kampuni hiyo. Wingi huo una faida yake, kwani vipuri vipya na vilivyotumika bado vinapatikana na wapo mafundi waliobobea. Lakini ndio pia unaompa mnunuzi nafasi ya kuchagua, naye huchagua gari lenye breki nzima, bodi isiyo na kutu na kumbukumbu kamili za matengenezo. Kwa hiyo swali la haki la kujiuliza ni hili: je, ongezeko la thamani, kama lipo, linazidi bima, tairi, rejeta, mipira na breki mlizolipia katika kipindi hichohicho? Mali inaweza kupanda bei sokoni huku mwenye nayo akipata hasara kila mwaka, na hakuna njia ya kulijua hilo bila kuandika hesabu.

Kuhusu kutu, usiichukulie kuwa jambo la urembo. Silver Shadow ilikuwa Rolls-Royce ya kwanza kutengenezwa bila fremu ya chini inayojitegemea, kwa hiyo bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Vyuma vilivyo chini ya milango ni sehemu ya nguvu ya gari, na vikiliwa sana kazi yake huwa ni kukata na kuchomelea, jambo linalogharimu zaidi kuliko kupiga rangi.

Wazo la turubai linaonekana kuwa la bei rahisi kuliko yote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Gari lililosimama huendelea kuharibika, na uharibifu wake huendelea bila kuonekana. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo huanza kula pampu na mabomba kwa ndani. Petroli ikikaa hupoteza ubora na kuacha utando ndani ya kabureta. Betri hufa, sili za injini na giaboksi hukauka, tairi hubonyea upande mmoja uliokaliwa. Turubai la plastiki nalo huzuia unyevu usitoke, kwa hiyo kutu hupata mahali pazuri pa kuendelea, na viti vya ngozi pamoja na mbao za dashibodi huota ukungu. Kulihifadhi gari ipasavyo kunawezekana, na kwa baadhi ya familia ni uamuzi wa busara wa kujipa muda. Lakini kunahitaji banda kavu, kifuniko kinachopitisha hewa, chaja ya betri, mafuta mapya ya breki na maji mapya ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu kabla ya kulisimamisha, pamoja na mtu wa kulikagua kila mara. Kwa hiyo hata kulifunika kuna bajeti yake, na mdogo wako anapaswa kuijua bajeti hiyo anapolipendekeza.

Tuseme mkaamua kulitengeneza na kubaki nalo. Hapo ningekusihi utenganishe aina mbili za gharama ambazo katika barua yako zimechanganyika. Kuna deni la zamani, yaani kazi zilizoahirishwa kwa miaka mingi ambazo sasa zimefika pamoja, na kuna gharama ya kila mwaka baada ya deni hilo kulipwa. Mshahara wa miezi minne kwa ajili ya breki unaweza kuwa deni la zamani, ukishalipwa haurudi kwa muda mrefu, na inawezekana kwamba gharama ya kawaida ya mwaka inabebeka ikigawanywa kwa watu wawili. Watu wengi hudhani kwamba injini ya lita 6.75 huwafilisi kwa mafuta, na ni kweli kwamba inaweza kunywa lita 20 na zaidi kwa kila kilomita 100. Lakini kwa gari linalotoka mara chache, mafuta ni sehemu ndogo. Kinachogharimu ni kalenda. Tairi zako zilipasuka ubavu kabla ya kulika kwa sababu mpira huzeeka kwa miaka, na ndivyo ilivyo kwa mipira ya petroli, sili na mafuta yote ya mitambo, uendeshe au usiendeshe. Hatari ya njia hii ni kwamba kazi ikianza, nyingine hugunduliwa. Mwombe fundi aigawe kwa hatua, breki kwanza, kutu inayogusa nguvu ya bodi baadaye, na mapambo mwisho kabisa, na kila hatua iwe na makisio yaliyoandikwa. Uliza pia kuhusu bima ambayo thamani ya gari hukubaliwa tangu mwanzo, kwa maana bima ya kawaida ikikadiria bei baada ya ajali inaweza kuliona gari hili kuwa chakavu tu.

Njia ya kuuza nayo ina mawili ndani yake. Ukiliuza lilivyo, utapata fedha kidogo, na huenda mnunuzi akawa mtu wa kulivunja na kuuza vipuri, jambo ambalo nahisi lingekuumiza zaidi kuliko bei yenyewe. Ukilitengeneza kwanza ili uliuze, mara nyingi fedha ya matengenezo hairudi yote. Katikati ya hayo kuna uwezekano wa kumtafuta mtu atakayelitunza. Vyama vya wapenzi wa magari haya vipo katika nchi nyingi. Kile cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1957. Wanachama wake hulitambua gari lenye kumbukumbu za mwenyewe wa muda mrefu, na daftari la baba yako kwao lina uzito. Lakini angalia kwanza kadi ya gari ina jina la nani. Kama mirathi haijakamilika na gari bado liko kwa jina la marehemu, hakuna kati yenu anayeweza kuliuza kihalali, na hata bima unayolipa huenda isikulinde siku ya ajali. Hilo lingefaa kurekebishwa vyovyote mtakavyoamua.

Kuhusu harusi sina mengi. Kukodisha ni kazi kamili inayohitaji bima ya biashara, dereva, mwisho wa wiki usio na mapumziko, na breki zisizo na shaka hata kidogo kwa sababu gari litapita polepole katikati ya watu. Haliwezi kuanza kujilipia kabla hamjalilipia.

Nirudi kwa mdogo wako. Umemweleza kama mtu anayekataa kuuza na kukataa kuchangia, na inawezekana ndivyo alivyo. Lakini najiuliza ameoneshwa nini. Yeye hulikuta gari limeoshwa, lina betri inayowaka na tairi mpya, hulifurahia siku mbili na kuondoka. Jumla ambayo wewe mwenyewe hujaiandika, yeye ataijuaje? Mume wako hakuomba gari liuzwe. Aliomba hesabu, na mimi naliona ombi hilo kuwa la upendo, kwa kuwa linawapa ninyi wote kitu kimoja cha kutazama badala ya kutazamana. Andikeni yaliyotumika kwa miaka mitatu, makisio ya sasa, na gharama ya mwaka ujao kwa kila njia. Mpelekee mdogo wako karatasi hiyo bila lawama, umwulize yeye angependa kubeba kipi. Anaweza kukubali kulipa nusu, anaweza kutaka gari lihamie kwake, anaweza kununua sehemu yako, au mnaweza kujiwekea muda na kiwango cha fedha ambacho kikivukwa mtakaa tena. Lazima nikuambie kwamba anaweza pia kukasirika. Kaka aliyefiwa huweza kuiona karatasi ya hesabu kama kwamba baba amewekewa bei. Ikiwa hivyo, mpe muda, lakini ada za watoto zisiguswe wakati mnamsubiri, maana fedha hizo si sehemu ya urithi huu.

Umeuliza kama kuuza ni kuvunja ahadi. Sikujibu ndiyo wala hapana, kwa kuwa ahadi ni yako na wewe ndiye utakayeishi nayo. Ninachoweza ni kuyasoma tena maneno ya baba yako kama ulivyoyaandika: aliomba gari lisije likaozea nje. Hakutaja nani awe na funguo, wala hakusema watoto wake walipie kwa ada za wajukuu wake. Mtu aliyeandika hadi mipira ya milango katika daftari alijua vizuri sana linavyokula fedha. Ukilisoma daftari hilo kutoka mwanzo huenda ukakuta kwamba naye kuna miaka alilisimamisha, kuna kazi alizoziahirisha, na kuna wakati familia ilitangulizwa mbele ya gari. Sijui utakachokikuta, lakini ningependa ukisome kabla ya kujihukumu.

Jambo la mwisho ni lile uliloliandika kwa sentensi moja ukapita. Mama yenu hasemi lolote gari likitajwa, na sikuona mahali popote ambapo kuna mtu aliyemwuliza. Huenda analipenda na anaogopa kuwa mzigo kwenu. Huenda pia amechoka nalo tangu zamani, kwani bajeti ya nyumba ambayo gari hilo lilikuwa likishindana nayo miaka yote ile ilikuwa yake. Ungekaa naye peke yenu, kabla ya kumpigia mdogo wako simu, umwulize marehemu alikuwa akilizungumziaje gari hilo wakati watoto hawapo. Kisha niandikie tena, unieleze amesema nini na fundi wa pili amekuta nini kwenye zile tufe.

Wako katika kusikiliza,
Mshauri